Mlango Mmoja kwa Miji Jirani: Kisa cha Ofisi ya Haki za Binadamu ya St. Cloud, Minnesota

Tuanze na ramani, maana bila ramani kisa hiki hakieleweki. St. Cloud ni jiji la watu 68,881 kwa sensa ya 2020, lililo kando ya mto Mississippi, yapata kilomita 105 kaskazini-magharibi ya Minneapolis, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani. Jiji hilo moja limelala ndani ya kaunti tatu: Stearns, Benton na Sherburne. Limepakana na miji midogo iliyoshikana nalo kabisa: Waite Park upande wa magharibi, Sartell kaskazini, Sauk Rapids ng'ambo ya mto, na St. Joseph ukishaipita Waite Park. Mgeni anayeendesha gari kwenye barabara ya Division hawezi kujua ametoka mji gani na kuingia upi. Maduka yanafuatana, taa za barabarani zinafuatana, vituo vya mafuta ni vilevile. Hata hivyo kila mji una meya wake, halmashauri yake, polisi wake na bajeti yake.

Sasa tuweke juu ya ramani hiyo familia ya kawaida, kwa mfano tu. Wamepanga nyumba Waite Park. Watoto wanasoma katika shule za wilaya ya shule namba 742, mamlaka ya shule za umma ambayo makao yake ni St. Cloud lakini inachukua watoto wa Waite Park na St. Joseph pia. Baba anafanya kazi kwenye kiwanda cha kuku Cold Spring, mji mwingine tena, kama kilomita 25 kutoka hapo. Jumamosi wanakwenda kununua vitu Crossroads Center, jengo kubwa la maduka lililo upande wa St. Cloud, karibu kabisa na mpaka wa Waite Park. Mwenye nyumba akimnyima mama mkataba kwa sababu ya hijabu yake, walimu wakikaa kimya mtoto anapotukanwa, msimamizi akimkatalia baba kuswali, mlinzi wa duka akiwafuata kila rafu wanayokwenda, hayo ni mambo manne yaliyotokea katika juma moja, kwa familia moja, ndani ya mamlaka tofauti. Aende wapi mama huyu? Kwa meya wa Waite Park? Yeye hana amri juu ya duka la St. Cloud. Kwa halmashauri ya St. Cloud? Haina la kusema kuhusu kiwanda cha Cold Spring. Kila mlango atakaogonga, atakayefungua atamwelekeza kwa jirani.

Ubaguzi haujui mpaka wa mji. Kwa hiyo katika miaka ya 2000 lilizaliwa hapo wazo la kuwa na ofisi moja ya haki za binadamu kwa ajili ya eneo zima, iliyojulikana kama St. Cloud Regional Human Rights Office. Katika uchambuzi huu natazama kwa nini eneo hili lilihitaji mlango wa namna hiyo, mlango huo ungeweza kufungua nini, na kwa nini mipango ya aina hii huanza kwa hotuba nzuri kisha ikapungua nguvu.

Kwa nini msomaji wa Kiswahili ajali habari za mji wa mbali wenye baridi kali? Kwa sababu wengi wa walioguswa na kisa hiki tunawafahamu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 Wasomali walianza kuhamia St. Cloud kutoka Minneapolis na majimbo mengine, na wengine waliletwa moja kwa moja na mashirika ya kupokea wakimbizi. Wengi wao walipitia Dadaab, Kakuma au Eastleigh. Kuna waliozaliwa Kenya na kusoma darasa la kwanza hadi la nane kwa Kiingereza na Kiswahili kabla hawajaiona theluji. Walifuata kazi: viwanda vya kuku na bata mzinga, kiwanda cha majokofu, maghala. Eneo walilolikuta lilikuwa la wazao wa Wajerumani Wakatoliki, wachonga mawe ya matale, watu wa kuamka mapema na kusali pia. Ungedhani wangeelewana haraka.

Hawakuelewana haraka. Na lazima niseme kwamba ugomvi wa nani ana haki ya kuwa binadamu kamili mahali hapa ni wa zamani kuliko Msomali wa kwanza kufika. Meya wa kwanza wa St. Cloud, Sylvanus Lowry, aliyechukua nafasi hiyo mwaka 1856, alikuwa mmiliki wa watumwa, katika eneo ambalo utumwa haukuruhusiwa kisheria. Mwanamke mwandishi, Jane Grey Swisshelm, alimpinga waziwazi katika gazeti lake. Machi 1858 genge likavunja ofisi yake, likabomoa mtambo wa kuchapia na kutupa sehemu zake mtoni Mississippi. Swisshelm akachangiwa fedha, akapata mtambo mwingine, akaendelea kuchapisha. Nataja habari hii kwa sababu kila mara mjadala unapowaka St. Cloud kuna anayesema kwamba matatizo haya yameletwa na wageni. Si kweli.

Turudi kwenye kazi, maana huko ndiko mambo yalikoanza kuchemka, na huko ndiko tunakoona vizuri ni nini hasa mtu anakosa pale ambapo hakuna ofisi ya karibu.

Kiwanda cha majokofu cha Electrolux kilikuwa miongoni mwa waajiri wakubwa wa St. Cloud. Waislamu wa Kisomali walitaka kuswali Magharibi, swala yenye muda mfupi: jua likishazama, dirisha lake halikai wazi muda mrefu, na saa yake inabadilika kila siku. Katika Minnesota tofauti hiyo ni kubwa kuliko aliyoizoea mtu wa Garissa. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni, Juni linazama baada ya saa tatu usiku. Ratiba ya mapumziko ya kiwanda haijui habari hizo. Wafanyakazi walitumia mapumziko yasiyo ya ratiba ili kuswali, na wengine wakaadhibiwa. Malalamiko yakafika kwa tume ya serikali kuu inayosimamia usawa katika ajira, na Septemba 2003 tume hiyo na kampuni wakatangaza kuwa wamefikia makubaliano kuhusu kundi la wafanyakazi wapatao 165.

Miaka mitano baadaye zamu ikawa ya Gold'n Plump, kampuni ya kuku yenye makao yake St. Cloud na kiwanda Cold Spring. Hapa inafaa tusogee karibu na mkanda, yaani mtambo unaopitisha kuku mbele ya wafanyakazi. Kuku wanapita wakiwa wananing'inia, kila mtu ana mkato wake, na mkanda hausimami kwa ajili ya mtu mmoja. Mmoja akiondoka bila wa kumshikia nafasi, kazi yake inawaangukia walio pembeni. Hoja ya kampuni ilikuwa hiyo, na si hoja ya kipuuzi. Hoja ya wafanyakazi ilikuwa kwamba wanafukuzwa au kuadhibiwa kwa dakika chache za ibada. Juu ya hayo, wakala wa ajira aliyekuwa akipeleka watu kiwandani, The Work Connection, alikuwa akiwataka waombaji wa kazi wasaini fomu ya kukiri kwamba huenda wakatakiwa kushika nyama ya nguruwe. Mwaka 2008 yakafikiwa makubaliano: kampuni na wakala kwa pamoja walipe dola 365,000, na kiwanda kiongeze mapumziko katika nusu ya pili ya zamu, muda wake ukisogezwa kadiri mwaka unavyokwenda kufuata nyakati za swala. Hayo yalikuwa makubaliano ya kumaliza kesi, si hukumu ya kuwatia watu hatiani, na ni haki kusema hivyo.

Lakini tazama dawa yenyewe ilivyokuwa. Mapumziko yanayosogea na majira. Jambo dogo la ratiba! Lingeweza kuzungumzwa na msimamizi wa zamu, mtu wa idara ya wafanyakazi, imamu mmoja na mpatanishi anayeaminiwa na pande zote, wakiwa wamekaa mezani na kalenda ya nyakati za swala. Badala yake ilihitaji mawakili, tume ya serikali kuu, na muda ambao mtu aliyefukuzwa kazi hana. Mahakama na tume za juu zina kazi yake, na bila tishio lake pengine kampuni isingesogea. Ila kuna hatua ya katikati iliyokosekana. Ofisi ya eneo ipo kwa ajili ya hatua hiyo ya katikati, na ninaamini hapo ndipo thamani yake kubwa ilipo.

Sheria ya Minnesota inasemaje? Jimbo hili lina Sheria yake ya Haki za Binadamu, na idara maalumu ya kuisimamia tangu 1967. Inakataza ubaguzi katika kazi, nyumba, elimu, huduma za umma, biashara na kwingineko, kwa misingi ya rangi, dini, asili ya mtu, jinsia, ulemavu, umri na mingineyo, hata kwa sababu mtu anaishi kwa msaada wa serikali. Kuna kipengele kimoja ninachokipenda kwa namna ya pekee: sheria inamlinda mfanyakazi asibaguliwe kazini kwa kushiriki katika tume ya haki za binadamu ya mtaa wake. Aliyeiandika alijua kwamba anayejitolea kusikiliza malalamiko ya majirani anaweza kupoteza mkate wake kwa ajili hiyo.

Utaratibu wake ni huu. Mlalamikaji ana mwaka mmoja tangu tukio. Idara inapokea malalamiko, inachunguza, kisha inaamua kama kuna sababu ya kutosha kuamini kuwa ubaguzi ulitokea. Ikiwa ipo, pande mbili zinaitwa kwenye mapatano kabla ya kufika mbali zaidi. Majiji mawili makubwa, Minneapolis na St. Paul, yana idara zake zenye sheria ndogo na uwezo wa kuchunguza na kuamua. Miji mingine mingi ina tume za watu wa kujitolea, ambazo uwezo wake ni kuelimisha, kusikiliza, kupatanisha na kupeleka mashauri kwenye idara ya jimbo. Makao makuu ya idara hiyo yako St. Paul. Kwa mtu wa zamu ya usiku asiye na gari, aliye na watoto watatu na Kiingereza cha kuokoteza, St. Paul ni mbali kama nchi nyingine. Mwaka mmoja unaisha bila yeye kujua kwamba ulianza kuhesabiwa.

Miji haiwezi kuunganisha ofisi kwa kupeana mikono tu. Minnesota ina sheria inayoruhusu mamlaka mbili au zaidi kutumia kwa pamoja uwezo ambao kila mmoja wao anao. Neno zito hapo ni uwezo ambao kila mmoja anao. Ikiwa Sartell haina sheria ndogo ya ubaguzi yenye meno, kuingia kwenye mkataba na St. Cloud hakuipi meno hayo. Ofisi ya pamoja inaweza kuwa na nguvu ya kweli pale tu ambapo kila halmashauri kwanza imepitisha kwake sheria inayofanana na ya wenzake. Wanasiasa hupenda kuruka hatua hiyo, kwa sababu ndiyo inayoleta wananchi waliokasirika kwenye kikao. Ni rahisi zaidi kutangaza ushirikiano. Matokeo yake ofisi inapata jina la kikanda, simu na meza, na mkurugenzi mwenye moyo, lakini anapompigia mwenye nyumba mkaidi, mwenye nyumba anauliza: kwa mamlaka gani?

Linganisha na mambo mengine ambayo miji hiyohiyo imeyaunganisha. Mabasi ya St. Cloud, Sartell, Sauk Rapids na Waite Park yanaendeshwa na tume moja ya usafiri iliyoanzishwa mwaka 1969. Tume hiyo haikuachwa itegemee hisani ya mameya: bunge la jimbo liliitungia sheria yake na kuipa uwezo wa kutoza kodi ya majengo katika miji inayohudumiwa. Meya mpya akiingia Sauk Rapids na kuamua hapendi mabasi, hawezi kuyazima kesho yake. Maji taka nayo vilevile. Mtambo wa St. Cloud unasafisha maji taka ya majirani zake, kwa mikataba na ada zinazolipwa na watumiaji. Hakuna diwani anayesimama kwenye kikao kuuliza kama mwaka huu bomba liendelee kupitisha uchafu. Fedha yake haimsubiri mtu aamke na roho nzuri.

Haki za binadamu zilipewa kitu chepesi kuliko hivyo: makubaliano, mchango wa bajeti ya kila mwaka, na nia njema. Ofisi inayoishi kwa mchango wa hiari ni ya kwanza kukatwa mapato yanapopungua, na mapato ya miji ya Marekani yalipungua sana baada ya mtikisiko wa uchumi wa 2008, wakati uleule ambao watu walikuwa wanagombania kazi na hasira dhidi ya wageni ilikuwa inapanda. Tena kuna hesabu ya kijirani inayoua ushirikiano wa aina hii. Mji mdogo unasema: wageni wengi wanaishi St. Cloud, matatizo ni ya St. Cloud, kwa nini sisi tuchangie? Mji mkubwa unajibu: ofisi iko kwetu, mkurugenzi ni mwajiriwa wetu, lawama zote tunazibeba sisi, na nyinyi mnatumia bure. Wote wawili wana takwimu za kuwaunga mkono. Lakini mwenye nyumba anaweza kuwa mkazi wa Sartell, mpangaji wake Waite Park, na nyumba yenyewe St. Cloud. Basi shauri hilo ni la mji gani? Kugawa gharama kwa kuhesabu wageni wanaishi wapi ni kosa la msingi, kwa kuwa ubaguzi una watu wawili ndani yake, anayetendewa na anayetenda, na mpango wa kugawa gharama unamhesabu mmoja tu.

Shule zilionyesha jambo hilo waziwazi. Mwaka 2010 shirika la kutetea Waislamu lilipeleka malalamiko kwa Wizara ya Elimu ya Marekani kwamba wanafunzi wa Kisomali katika shule za sekondari za St. Cloud wanatukanwa na kusumbuliwa, na uongozi hauchukui hatua za kutosha. Mwaka uliofuata wilaya ya shule ikafikia makubaliano na wizara kuhusu kuzuia usumbufu huo na kuushughulikia. Hapo tena jibu lilitoka Washington. Machi 2015 wanafunzi wa Kisomali zaidi ya mia moja wakatoka madarasani katika shule ya Tech kupinga hali ilivyokuwa. Kilichowasha moto ni picha ya mwanafunzi mwenzao iliyosambazwa kwenye simu ikiwa na maandishi ya kumhusisha na magaidi. Msichana mwenyewe alikuwa kwenye kiti cha magurudumu. Mtu aliyelelewa kwetu anajua uzito wa jambo hilo: kumfanyia mzaha wa namna ile mtoto asiyeweza hata kuondoka mahali alipo.

Kwa nini makubaliano ya 2011 hayakuzuia 2015? Sitaki kurahisisha mambo. Makubaliano na wizara hubadilisha taratibu, fomu na mafunzo. Hayampi mzazi mtu wa kumpigia simu leo jioni, anayezungumza Kisomali, anayemjua mwalimu mkuu kwa jina, asiyelipwa na wilaya ya shule. Wazazi wengi waliopitia kambini wana desturi ya heshima kwa mwalimu inayowafanya wasite kumlalamikia. Mzazi anamwambia mtoto, "Vumilia, soma." Mtoto anavumilia hadi siku anapotoka darasani na wenzake mia. Ofisi ya nje ya shule, isiyo adui wa shule, ndiyo ambayo mzazi huyo angeweza kuiendea bila kuhisi amemvunjia mwalimu heshima.

Kisha ikaja Jumamosi ya tarehe 17 Septemba 2016. Kijana wa Kisomali, aliyezaliwa Kenya na kukulia Marekani, aliingia Crossroads Center na kuwachoma watu kwa kisu. Watu kumi walijeruhiwa, wote wakapona. Aliyemzuia kwa kumpiga risasi na kumuua alikuwa askari aliyekuwa nje ya zamu, na mji aliokuwa akiutumikia ulikuwa Avon, mji mwingine wa kaunti ya Stearns. Hata siku hiyo mpaka wa mji haukuwa na maana. Viongozi wa Kisomali walijitokeza haraka kulaani kitendo hicho, na meya Dave Kleis na mkuu wa polisi Blair Anderson wakajitahidi kuzuia jiji lisichanike. Walifanya vizuri, na wanastahili kusifiwa kwa hilo. Ila ni lazima tuone pia kwamba utulivu ule ulitegemea watu wawili watatu waliokuwa wamejenga uhusiano kwa miaka. Mkuu wa polisi anaweza kuhama. Meya anaweza kushindwa uchaguzi.

Mwaka mmoja baadaye, 2017, diwani mmoja wa St. Cloud alileta pendekezo la kusimamisha upokeaji wa wakimbizi jijini. Halmashauri ililikataa kwa kura nyingi, na ikapitisha azimio la kusema St. Cloud ni jamii ya haki inayokaribisha watu. Nilifurahi. Lakini azimio ni maneno ya jiji moja. Waite Park haifungwi nalo, wala Sartell, wala Cold Spring. Na hata ndani ya St. Cloud, azimio halipokei simu.

Leo mlango wa karibu upo kwa sura nyingine: Idara ya Haki za Binadamu ya jimbo ina ofisi St. Cloud, mbali na makao makuu yake St. Paul. Kuna watakaosema jambo limekwisha, jimbo limechukua mzigo, miji ipumzike. Kwa upande wa nguvu wana hoja, maana ofisi ya jimbo ina meno katika kila mji na kila kaunti, na mwenye nyumba hawezi kuiuliza kwa mamlaka gani. Tatizo la mipaka limetatuliwa kutoka juu. Ila ofisi ya jimbo inafungwa na kazi ya jimbo: kupokea malalamiko yaliyokidhi masharti ya kisheria, kuchunguza, kuamua. Mambo mengi yanayomuumiza mtu St. Cloud hayafiki kiwango hicho, au yanafika yakiwa yameshaharibika. Karatasi yenye matusi iliyobandikwa kwenye gari. Jirani anayeita polisi kila watoto wakicheza nje. Kikao cha mipango miji ambapo watu wanapinga msikiti kwa kuzungumzia msongamano wa magari na maegesho, kama ilivyotokea mwaka 2013 mpango wa kujenga kituo cha Kiislamu kusini mwa jiji ulipopingwa hadi waombaji wakauondoa. Huwezi kulifungulia shauri la ubaguzi kundi la majirani wanaozungumzia maegesho. Unaweza, ukiwa na ofisi ya eneo inayoaminika, kukaa nao kabla ya kikao.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaoona ofisi ya jimbo na ofisi ya pamoja ya miji kuwa vitu vinavyoondoana. Sheria yenyewe imeacha njia ya kupelekeana mashauri kati ya tume za mitaa na idara. Kinachotakiwa ni miji ifanye sehemu ambayo jimbo haliwezi kuifanya, na iifanye kwa fedha isiyotikisika. Mwaka 2024 wapiga kura wa St. Cloud walimchagua Hudda Ibrahim, mwanamke wa Kisomali, kuingia halmashauri ya jiji. Hiyo ni hatua kubwa. Lakini diwani mmoja mwenye jina la Kisomali atageuzwa kuwa ofisi ya haki za binadamu bila kupenda: kila mwenye tatizo atampigia yeye, hata wa Waite Park ambaye hakumpigia kura wala hawezi.

Kama miji hii ingeandika mkataba mpya, kifungu cha kwanza ningekiweka cha fedha: mchango unaopangwa kwa idadi ya wakazi wote wa kila mji bila kujali asili yao, uliofungwa kwa miaka mitano, na mji unaotaka kujitoa uwe umetoa taarifa miaka miwili kabla. Cha pili, kila halmashauri ipitishe sheria ndogo inayofanana kabla ya kuketi kwenye bodi. Isiyopitisha isikae. Cha tatu, wilaya ya shule 742 iwe mwanachama, maana nusu ya kisa hiki imetokea shuleni. Cha nne, waajiri wakubwa wa eneo waalikwe kwenye bodi ya ushauri pamoja na wafanyakazi wa mkandani, si maofisa tu. Cha tano, mtumishi anayezungumza Kisomali awepo saa ambazo watu wa zamu wanaweza kufika, yaani jioni na Jumamosi, na kituo cha basi kiwe mlangoni. Basi tayari lipo, na tayari linavuka mipaka ya miji yote minne linayoihudumia.